Pissarro Alipomchora Cézanne: Sura Moja Katika Bamba, Mwaka 1874

Hotuba hii niliitoa mbele ya wachoraji vijana, walimu wa sanaa na wazazi waliokusanyika jijini Dar es Salaam. Wengi waliokosa wameiomba, nami naiweka hapa yote kama nilivyoitamka.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za kazi. Nanyi vijana mliokuja vidole vikiwa bado vina wino, asanteni kwa kuitikia.

Leo nimekuja na picha moja tu. Si kubwa: ni kiasi cha karatasi ya kawaida ya ofisini. Haina rangi. Ni wino mweusi uliochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la madini, mistari juu ya mistari. Ndani yake yumo mwanamume mwenye ndevu nyingi, kofia nzito kichwani, koti la baridi limemjaa mwili. Hashiki brashi. Hakuna chochote cha kukujulisha kwamba huyu ni msanii. Ungekutana naye njiani ungesema ni mkulima aliyetoka shamba siku ya baridi, tena mkulima mkali, si wa kuombwa maji ovyo.

Jina lake Paul Cézanne, mchoraji Mfaransa. Aliyemchora ni mchoraji mwenzake, Camille Pissarro. Mwaka ni 1874.

Niwaulize, jina la Cézanne leo lina uzito gani? Picasso na Matisse walimhesabu kuwa baba wa uchoraji wao. Matisse, angali kijana asiye na kitu, mwaka 1899 alijinyima akanunua picha ndogo ya Cézanne ili akae nayo nyumbani. Na mwaka 2012 iliripotiwa kwamba familia ya kifalme ya Qatar ilinunua picha yake ya wacheza karata kwa zaidi ya dola milioni 250. Huo ndio uzito wa jina.

Sasa yaondoeni hayo yote vichwani mwenu. Yaondoeni kabisa. Mwaka 1874 halikuwapo hata moja. Mwaka 1874 Cézanne alikuwa mtu wa miaka 35 aliyekwisha kukataliwa mara nyingi na Salon, yale maonyesho ya serikali mjini Paris ambayo bila hayo mchoraji hakuhesabiwa kuwa mchoraji. Baba yake alikuwa mwenye benki mjini Aix-en-Provence, alimtumia pesa za matumizi, na kwa kuogopa kukatiwa pesa hizo Cézanne alimficha mzee wake jambo zito: kwamba anaishi na mwanamke, Hortense Fiquet, na kwamba wana mtoto wa kiume. Mtu mzima, baba wa mtoto, anajificha. Maneno yake yalikuwa ya mkato, lafudhi yake ya kusini iliwachekesha watu wa mjini. Mtu wa namna hiyo, nani anamchora? Nani anakaa chini na bamba na sindano, anapoteza siku zake kwa ajili ya uso ambao hakuna mteja hata mmoja anayeuulizia?

Pissarro alikaa chini. Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kabla dunia haijamtazama mtu, lazima awepo mmoja anayemtazama. Si kumwonea huruma. Kumtazama.

Habari yenyewe inaanzia mbali kidogo. Mwaka 1861, Paris, palikuwa na mahali palipoitwa Académie Suisse. Jina ni chuo lakini hapakuwa na mwalimu wala mtihani; ulilipa ada ndogo, ukaingia, ukamchora mtu aliyekaa mbele yenu. Cézanne alikuja pale akitokea kusini, akachora miili kwa mistari mizito, iliyovimba, iliyopinda. Wenzake walimcheka. Ndipo wakaja watu wawili kumwangalia kijana huyu wa ajabu. Mmoja alikuwa Francisco Oller, mtu wa Puerto Rico. Wa pili ni Pissarro, aliyezaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Saint Thomas, bahari ya Karibiani, wakati huo koloni la Denmark, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ureno. Watu wawili wa visiwani, wote wawili wageni katika mji ule, wakasimama nyuma ya mtu anayechekwa, na wao hawakucheka.

Tunajuaje? Kwa sababu Pissarro hakusahau. Miaka 34 baadaye, Desemba 1895, Paris ilipoanza kumsifu Cézanne, alimwandikia mwanawe Lucien akikumbusha kwamba yeye na Oller waliona sawasawa tangu 1861, wakati ambapo michoro ile ilikuwa kichekesho cha watu wasio na uwezo wowote. Fikirini: miaka 34 umeshikilia neno lako, unangoja wengine wakufikie!

Walimu wenzangu, tumesimama nyuma ya wanafunzi wangapi wanaochekwa? Na tulipokuwa tumesimama pale, tulitazama mchoro, au tulitazama saa ya ukutani?

Nendeni nami sasa Pontoise. Ni mji mdogo kaskazini-magharibi ya Paris, kando ya mto Oise. Pissarro alirudi kuishi huko mwaka 1872, baada ya vita. Vita vile vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 vilimkimbiza hadi London, na huku nyuma askari wa Prussia wakaingia katika nyumba yake kule Louveciennes. Aliporudi alikuta kazi zake nyingi za miaka mingi zimeharibiwa. Nyingine zilitandikwa chini kwenye matope ili watu wapite miguu isichafuke. Mtu wa kawaida baada ya hapo angeweka brashi chini. Pissarro alihamia Pontoise akaanza upya, ana mke, ana watoto, hana pesa. Na katika hali hiyo hiyo akamwita Cézanne aje wafanye kazi pamoja.

Cézanne akaja na Hortense na mtoto. Baadaye kidogo akahamia Auvers, kijiji cha jirani, na kutoka huko alikuwa anakwenda kwa miguu kufanya kazi na Pissarro. Na jambo la kwanza alilolifanya ni lipi? Aliazima picha ya Pissarro, mandhari ya Louveciennes, akaikalia akainakili. Mtu wa miaka 33, mwenye kiburi kama cha Cézanne, anainakili picha ya mwenzake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kabla ya hapo rangi zake zilikuwa nyeusi na nzito, na picha zake zilijaa vitisho: mauaji, karamu za ovyo, ndoto. Pale Pontoise alitolewa nje. Aliwekwa mbele ya barabara, ukuta, mti, akaambiwa tazama. Rangi zikapata mwanga. Mkono ukatulia.

Kuna kisa kimoja kutoka siku zile ambacho Lucien alikihifadhi, nami nakipenda kuliko vitabu vyote vya wahakiki. Mkulima mmoja wa pale aliwaona wote wawili wakichora nje, akawatazama, kisha akatoa hukumu yake: Bwana Pissarro anadonoa, Bwana Cézanne anakandika. Basi! Hakuna profesa aliyewahi kusema vizuri zaidi. Mmoja anagusa turubai kwa ncha, tone baada ya tone. Mwingine anaibandika rangi kama udongo ukutani. Wamesimama mahali pamoja, wanatazama barabara moja, na mikono yao bado ni mikono miwili tofauti.

Na Pissarro hakujaribu kumfanya adonoe. Alimwacha akandike. Septemba 1872 alimwandikia rafiki yao, mchoraji Antoine Guillemet, akamwambia: Cézanne wetu anatupa matumaini, hapa nyumbani kwangu ninayo picha yake yenye nguvu ya ajabu, akikaa Auvers kwa muda, atawashangaza wasanii wengi waliokuwa na haraka ya kumhukumu. "Cézanne wetu." Neno dogo, lakini mtu aliyezoea kufungiwa milango analisikia kwa masikio mengine kabisa.

Sasa tulifikie bamba lenyewe, maana hapa nataka nikae kidogo. Vijana wa mashine ya kuchapia, hili ni lenu.

Kule Auvers aliishi daktari, Paul Gachet. Wengi mnamjua kwa jina la Van Gogh, aliyemchora mwaka 1890 ameegemeza shavu kwenye ngumi, macho ya huzuni. Lakini miaka 17 kabla ya hapo nyumba ya Gachet ilikuwa tayari kituo cha wachoraji. Daktari mwenyewe alikuwa anachora, na nyumbani kwake alikuwa na mashine ya kuchapia picha za mabamba. Mwaka 1873 walikusanyika pale Pissarro, Cézanne na rafiki yao Armand Guillaumin wakajaribu sindano na tindikali. Pissarro hakuwa mgeni wa kazi hiyo, alishaianza miaka ya 1860. Cézanne alifanya mabamba machache tu maishani mwake, na moja kati ya hayo ni sura ya Guillaumin ameketi chini, na pembeni yake umechorwa mtu mdogo aliyenyongwa. Walikuwa wanachorana, mnaona? Mvua ikinyesha, pesa ya kumlipa mtu akae mbele yako huna, rafiki yupo. Unamchora rafiki.

Kwa wasiojua kazi hii inavyokwenda, nisikilizeni. Unachukua bamba la shaba au zinki, unalisugua mpaka ling'ae. Unalipasha moto kidogo na kulipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu, ambalo tindikali haiwezi kulila. Kisha unashika sindano. Kila inapopita, nta inatoka na madini yanaonekana. Bamba hulichimbi, unafungua njia tu. Halafu unalitumbukiza kwenye tindikali, nayo inakula pale ulipofungua, si pengine. Mstari unaotaka uwe hafifu unauwahi, unauziba kwa vanishi. Unaotaka uwe mzito unauacha uliwe zaidi. Unaosha, unaondoa nta, unapaka wino mzito ukiusukuma uingie katika kila mfereji, kisha unafuta juu kwa kitambaa mpaka wino ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi umeshailowesha. Unailaza juu ya bamba, unaifunika kwa blanketi, unaipitisha chini ya silinda. Karatasi inabanwa mpaka inaingia kwenye mifereji na kuufuata wino ulikojificha. Ukiifunua, kila kitu kiko kinyume: kulia kumekuwa kushoto.

Kwa nini nawaeleza haya yote? Kwa sababu picha ya namna hii haifanywi kwa bahati. Penseli unaweza kufuta. Rangi ya mafuta unaweza kukwangua na kupaka tena. Sindano ikishapita na tindikali ikishakula, kufuta ni kazi ngumu kuliko kuchora. Kila mstari katika lile koti la Cézanne, na ni mistari mingi mno, imelazwa, ikavukwa na mingine, ikavukwa tena mpaka kitambaa kikapata uzito, kila mmoja ni uamuzi. Pissarro aliamua mara mia na mara mia tena kwamba mtu huyu anastahili mstari mwingine.

Nawaomba mfikirie jambo hili. Katika mwaka huo huo wa 1874 Pissarro alimchora Cézanne pia kwa rangi za mafuta. Koti lile lile, kofia ile ile. Lakini katika picha ya rangi alimzungushia watu. Ukutani nyuma yake kuna katuni za magazeti: upande mmoja mwanasiasa Adolphe Thiers, upande mwingine mchoraji Gustave Courbet na bilauri yake ya bia kama anayemtakia Cézanne afya njema. Chini, pembeni, kuna mandhari ndogo ya Pontoise, kazi ya Pissarro mwenyewe. Ni picha ya utani na ya upendo, imejaa maneno ya chinichini: mkubwa wa serikali hapa, mwasi wa sanaa pale, na katikati mtu wetu wa kusini ameketi kama jabali, hamjali yeyote. Pissarro aliitunza picha hiyo, hakuiuza.

Katika bamba, Thiers hayupo. Courbet hayupo. Mandhari haipo. Amebaki mtu.

Wapo watakaosema ni kwa sababu ya udogo wa bamba, au ni mazoezi tu. Mimi siamini hivyo. Ninaamini Pissarro alijua kwamba mtu huyu hahitaji mashahidi. Katika rangi alimtambulisha kwa watu. Katika bamba alimwacha asimame peke yake. Kwangu mimi, na hapa kila mmoja ana haki ya kubishana nami tukinywa chai, hili bamba ni picha kubwa kuliko ile ya rangi, ijapokuwa ni ndogo kuliko mto wa kulalia na haina hata tone la bluu.

Kuna jambo jingine, la soko. Kwa karne nyingi picha za sura zilizochapwa kutoka mabamba zilikuwa za nani? Za wafalme. Za mawaziri, maaskofu, majenerali, waandishi waliokwisha kupata jina. Bamba linatoa nakala nyingi, na nakala nyingi huhitaji wanunuzi wengi, na wanunuzi wanamtaka mtu wanayemjua. Kuchonga bamba la mtu asiyejulikana ni kusema kwamba siku moja watu wengi watataka kuuona uso huu. Mnalielewa hilo? Chombo chenyewe ni utabiri. Nakala zilizotolewa wakati ule zilikuwa chache, na nyingi zinazoonekana leo katika makusanyo zilitolewa mwaka 1920, wakati Pissarro na Cézanne wote walikwisha kufa. Pissarro alifanya kazi kama 200 za mabamba na mawe ya kuchapia katika maisha yake, nyingi akizichapa mwenyewe nakala tatu, nne, tano, na biashara haikumletea chochote cha maana. Hakuacha.

Na mwaka ule wa 1874 ulikuwa mwaka wa namna gani nyumbani kwake? Hili nalitamka polepole. Mapema mwezi Aprili binti yake Jeanne, waliyemwita Minette, alifariki. Alikuwa na miaka minane. Siku chache baadaye, tarehe 15 Aprili, yalifunguliwa Paris, nambari 35 boulevard des Capucines, katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, yale maonyesho ambayo yaliwapa Pissarro na wenzake jina la Waimpreshonisti. Baba amemzika mtoto, na wiki mbili hazijaisha picha zake ziko ukutani. Na siyo zake tu. Baadhi ya wenzake hawakumtaka Cézanne katika maonyesho yale. Walihofia atawaletea kicheko. Aliyeshikilia kwamba Cézanne aingie ni Pissarro. Katika miezi ile ile ya msiba alikuwa na nguvu ya kumpigania mtu mwingine.

Kicheko kikaja kweli. Mhakiki mmoja, aliyejiita Marc de Montifaud, aliandika kwamba Cézanne ni kama mwendawazimu anayechora huku akitetemeka kwa ulevi. Hata hivyo picha yake ya nyumba ya mtu aliyejinyonga, ile ya Auvers, ilipata mnunuzi, Armand Doria, mkabaila mwenye cheo cha Count. Mnunuzi mmoja. Siku nyingine mmoja anatosha kumfanya mtu aamke kesho yake ashike brashi.

Wachoraji wale walichorana sana, msidhani ni hawa wawili peke yao. Degas alimchora Manet kwenye bamba miaka ya 1860. Manet alifanya bamba la Berthe Morisot kutokana na picha yake mwenyewe ya rangi ya mwaka 1872. Na Degas tena akamchora Mary Cassatt, mchoraji kutoka Marekani, akiwa ndani ya makumbusho ya Louvre, amesimama kwa mgongo, uso hauonekani, na bado unamjua kwa jinsi alivyoegemea mwavuli wake. Kazi nzuri zote hizo, na ile ya Cassatt ni ya ustadi wa kutisha. Lakini katika zile naona mchoraji anayejionyesha uwezo wake. Katika hii ya Pissarro sioni Pissarro. Namwona Cézanne.

Huyo Mary Cassatt, kwa njia, alisema kwamba Pissarro alikuwa mwalimu wa namna ya kuweza kuyafundisha mawe kuchora sawasawa. Na alifundisha kweli: Gauguin naye alipitia mikononi mwake, na iko karatasi moja ambayo juu yake Pissarro amemchora Gauguin na Gauguin amemchora Pissarro, nyuso mbili ukurasa mmoja.

Basi, je, Cézanne alimtazama Pissarro? Alimtazama. Iko michoro ya penseli aliyoifanya katika miaka ile ile, na mmoja unamwonyesha Pissarro anakwenda kazini: mkoba mgongoni, fimbo mkononi, kofia, ndevu ndefu. Mzee wa safari. Pissarro alimchora Cézanne ametulia kama mwamba. Cézanne alimchora Pissarro anatembea.

Hapo ndipo ninapotaka vijana mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna hofu naisikia kila tunapokutana: nikikaa sana karibu na fulani nitamwiga, nitapotea. Novemba 1895 mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard alifungua maonyesho ya kwanza ya Cézanne peke yake, na Pissarro alikuwa miongoni mwa waliomhimiza. Watu wakaanza kubishana nani alimwathiri nani. Pissarro akamwandikia Lucien kwamba ndiyo, Pontoise Cézanne aliathiriwa na yeye, na yeye akaathiriwa na Cézanne. Walikuwa pamoja siku zote. Lakini kila mmoja alibaki na kitu kimoja cha pekee chenye thamani, hisia yake mwenyewe. Mtu wa miaka 65, mwanafunzi wake wa zamani anashangiliwa kuliko yeye, na anasema waziwazi: hata mimi nilijifunza kwake. Alikwenda kwa Vollard, akatazama, akastaajabu, akarudi nyumbani akaandika barua za furaha.

Nisiwafiche upande mchungu. Miaka ile Ufaransa ilipasuka kwa kesi ya Alfred Dreyfus, afisa wa jeshi Myahudi aliyehukumiwa kwa uhaini ambao hakuufanya. Pissarro, Myahudi, alisimama upande wa Dreyfus. Degas, rafiki waliyechapa mabamba pamoja, akamgeuzia kisogo. Renoir naye akasema maneno mabaya. Cézanne hakusimama upande wa Dreyfus. Kwa hilo simtetei. Umri ulikuwa umemfunga ndani ya Aix, ndani ya kanisa, ndani ya hasira zake. Lakini jina la Pissarro hakulivunja. Mwaka 1902, alipoulizwa na mgeni aliyemtembelea, alisema kwamba mzee Pissarro alikuwa kwake baba, mtu wa kuendewa kwa ushauri, kitu kama Mungu mwema.

Pissarro alifariki Paris, Novemba 1903. Hakuna tena wa kupendezwa, hakuna faida ya kumsifu. Mwaka 1906 Cézanne alipeleka kazi katika maonyesho ya mjini kwao Aix. Alikuwa na miaka 67. Wachoraji vijana walikuwa wanapanda treni kutoka Paris kwenda kumwona kama mtu anavyokwenda kuzuru. Na katika katalogi, pale ambapo mchoraji huandika amesomea wapi, likaandikwa hivi: Paul Cézanne, mwanafunzi wa Pissarro.

Oktoba ya mwaka huo huo alinyeshewa na mvua akichora nje, akabebwa nyumbani, akafa wiki moja baadaye.

Sasa, wapendwa, maneno nimemaliza na kazi inaanza. Meza za nyuma ziko tayari. Mabamba madogo ya zinki yameshapakwa nta, sindano zimo kwenye mikebe. Kaeni wawili wawili, na nawaomba usikae na rafiki yako wa kila siku. Mtafute yule ambaye kazi yake bado huielewi. Wazee na wazazi nanyi mnakaribishwa, hakuna anayehukumiwa hapa. Dakika 10 za mwanzo msishike sindano, mtazameni tu mwenzenu. Tindikali itashughulikiwa na walimu peke yao, kwenye kile kibaraza chenye hewa, na glavu zivaliwe. Saa kumi jioni tunawasha mashine.